Mchanga Ndio Uliomsahihisha Mwalimu

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hapa kwetu Mtwara, maji hupwa mpaka mbali mnamo saa nne asubuhi. Ukishuka ufukweni Shangani saa hiyo unakuta mchanga mpana wenye unyevu, uliokaza kiasi: si tope, wala si ule mkavu unaotimka ukiukanyaga. Akina mama wameshatangulia kule kwenye miamba kutafuta pweza, watoto wanazunguka kwenye vidimbwi. Mimi nashuka na mfuko wa fimbo za gofu begani, nachora mstari mchangani kwa mpini wa fimbo, urefu wa hatua sita hivi, na darasa linaanza. Mpira hautoki kwenye mfuko kwa nusu saa nzima ya mwanzo.

Wanaokuja mara ya kwanza hushangaa. Wamekuja kupiga mpira, na mimi nawaambia wapige mstari. Basi leo nieleze huo mstari ulitoka wapi, kwa sababu sikuusoma mahali. Ulitokana na adabu.

Mwaka juzi alinijia mzee mmoja mstaafu, mwenye miaka 71. Alinifundisha hesabu na Kiswahili nilipokuwa darasa la nne. Daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku, naye kutembea bure bila shughuli akaona ni kupoteza muda. Alikuwa ameona gofu kwenye televisheni. Akanikuta sokoni kwenye meza yangu ya nyavu na ndoana, ndiyo kazi inayoniweka mjini siku za juma.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unafundisha ule mchezo wa fimbo. Nifundishe na mimi."

Nilifurahi mno. Nikamchagulia fimbo namba saba, nikamwekea mpira juu ya nyasi kwenye kiwanja cha wazi tunachotumia maji yakiwa yamejaa, akapiga. Akapiga ardhi. Akapiga tena, ardhi tena, sentimita kumi na tano nyuma ya mpira, na udongo ukaruka mbele yetu wote wawili. Mara ya tatu akajihadhari asichimbe, akaupiga mpira utosini, ukaserereka kama umekanyagwa.

Sasa mimi nilijifunza gofu Dar es Salaam. Niliondoka huku mwaka 2001, Rufiji tukavuka kwa pantoni kwa sababu Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na nilipofika nikapata kazi ya kubeba mifuko ya wachezaji, kedi, kama tulivyoitwa. Nilibeba mifuko kwa miaka mingi kabla sijaruhusiwa kupiga. Aliyenifundisha kupiga alikuwa mtu wa amri: kichwa chini, kiwiko ndani, goti la kushoto, usikunje mkono, tazama mpira, kichwa, kichwa! Na mimi niliporudi Mtwara nikafundisha vivyo hivyo, kwa amri nyingi na kwa sauti ya juu. Vijana walivumilia.

Lakini utamwambiaje mtu aliyekushikisha chaki kwamba "unakosea"? Utamwambiaje "kichwa!" kwa ukali, huku vijana wa miaka kumi na minne wamesimama wanatazama? Nilijaribu kuzunguka. "Mwalimu, labda tungejaribu kusogea kidogo..." Akawa anaitikia kwa upole, kisha anachimba pale pale. Nikaona haya, naye akaona kwamba naona haya. Siku hiyo tuliachana mapema.

Usiku nikawaza. Nikakumbuka kwamba Mwalimu mwenyewe darasani hakuwa akituambia tumekosea. Alikuwa akisema: "Rudi ukutani, ukague." Maana yake nenda ubaoni, fanya hesabu kinyume, uone kama inarudi. Kosa ulilitafuta mwenyewe.

Bamvua iliyofuata nikampeleka pwani. Nikachora mstari, nikamwomba asimame mstari ukiwa katikati ya miguu yake, ukikata njia inayoelekea huko anakolenga, azungushe fimbo bila mpira, kisha tukague mchanga umekatika wapi. Akazungusha. Akainama, akaangalia, akapima kwa shubiri. "Nimekata nyuma ya mstari shubiri nzima," akasema. Akasogea hatua moja kwenye mstari ule ule, akazungusha tena. Nyuma tena. "Hapa ndipo ninapochimba," akasema mwenyewe. Mimi sikuwa nimefungua kinywa.

Nimweleze msomaji asiyejua gofu, kwa sababu hapa ndipo kitovu cha mchezo wote. Fimbo inazunguka kwa tao, inashuka, inafika chini kabisa, inapanda. Kwa fimbo za chuma mpira ukiwa chini kwenye nyasi, mchezaji mzuri hufika chini kabisa baada ya kuupita mpira, mbele yake kama sentimita kumi, upana wa vidole vinne au zaidi kidogo. Mpira unaguswa kwanza, ardhi baadaye. Ndiyo maana ukimtazama mtu anayejua, nyasi anazokata ziko mbele ya pale mpira ulipokuwa. Anayeanza hufanya kinyume, naye ana sababu yake nzuri kabisa: anataka kuuinua mpira. Anaona uko chini, anataka uende juu, basi anajiegemeza nyuma kwenye mguu wa kulia aupakue kama anapakua wali. Lakini kazi ya kuinua si yake. Namba saba ya zamani, kama hizi zangu, uso wake umelala nyuzi 34 hivi. Huo mlalo ndio unaoinua. Wewe ukishuka sawasawa, mpira unapanda.

Hilo naweza kulisema kwa maneno mpaka kesho, na nimelisema. Lakini kuishusha fimbo kutoka juu mpaka kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde. Uso wa fimbo na mpira hugusana kwa nusu ya elfu moja ya sekunde. Ndani ya robo ya sekunde hakuna mtu anayeweza kufuata amri yangu ya kiwiko. Mwili unafanya ulichozoea. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanafunzi ni hili: mwili wako umezoea nini?

Mwili wa Mwalimu ulizoea jembe. Ana mikorosho yake upande wa Naliendele, na kila mwaka kabla korosho hazijaanza kudondoka anapalilia chini ya miti ili zionekane. Jembe linanyanyuliwa juu, linadondoshwa mbele yako wima, na wewe unabaki pale pale ukiegemea nyuma lisikuvute. Ukimtazama Mwalimu akiwa na namba saba mkononi ungedhani analima. Sikulilaumu jembe lake. Miaka arobaini ya kitu huwezi kuifuta kwa maneno ya Jumamosi moja. Ila unaweza kutafuta kitu kingine ambacho mwili huo huo unakijua.

Nikamuuliza, "Mwalimu, ulipokuwa kijana Mikindani ulitupa kimia?"

Akacheka. "Nani hakutupa?"

Basi nikamwomba anionyeshe, bila wavu. Akasimama, akajipinda kulia, mikono ikafuata kiuno, kisha akaanza kurudi. Na hapa nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Kilichoanza kurudi hakikuwa mikono. Ulianza mguu wa kushoto kukanyaga, kiuno kikafuata, kifua, halafu mikono ikaja mwisho ikiachia wavu usiokuwepo, naye akamalizia amesimama juu ya mguu wa kushoto, tumbo limeelekea baharini. Mtupa kimia akibaki nyuma kwenye mguu wa kulia wavu humwangukia miguuni, hilo anajifunza akiwa na miaka minane. Nikampa fimbo. "Tupa kimia, Mwalimu." Akatupa. Tukakagua: mchanga umekatika juu ya mstari wenyewe, na kovu limekwenda mbele.

Si kila mara. Siku ile, kati ya mizungusho ishirini, saba ilikuwa mizuri, alizihesabu yeye mwenyewe kwa alama za kidole mchangani. Wiki iliyofuata tisa. Jembe linarudi hasa akichoka, na wakati wa palizi linarudi zaidi, hilo tumeshalizoea sote wawili.

Tangu hapo nikaacha amri, kwa wote, hata kwa wadogo ambao adabu hainizuii kuwakaripia. Ila sikuacha zote kwa siku moja, na aliyelipia kuchelewa kwangu ni binti mmoja wa Chikongola.

Alikuwa na miaka 16, ana nguvu, ana macho makali, na mpira wake ulikuwa unapinda kulia. Uliondoka kushoto kidogo ya alama, ukafika katikati ya safari, ukageuka kulia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Ndilo gonjwa la wachezaji wengi duniani wanaotumia mkono wa kulia. Mimi nikaona fimbo yake inashuka kutokea nje na kukata kuja ndani, kuelekea kushoto. Nikamwambia, kama nilivyoambiwa, ashuke kutokea ndani. Miezi mitatu. Ndani, ndani, ndani. Nilimwekea fito za mwanzi azikwepe. Alitii kila neno, na njia ya fimbo yake ikabadilika kweli. Na mpira? Ukawa sasa unaondoka kulia na kuendelea kwenda kulia zaidi.

Akaacha kuja. Baada ya wiki mbili nikapita kwa mama yake, anauza vitumbua, nikamsalimia. Akanikaribisha, akanipa chai, kisha akasema taratibu: "Kocha, mwanangu anapenda huo mchezo, lakini siku hizi anarudi nyumbani hana raha. Anasema hajui anachokosea." Nilitamani ardhi inimeze. Mtoto alikuwa hajakosea chochote. Alifanya nilichomwagiza.

Nilichokuwa nimerithi kwa mwalimu wangu ni kwamba mpira huondoka kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuelekea uso wa fimbo ulikotazama. Ndivyo wengi walivyofundishwa kwa miongo mingi. Zilipokuja rada za kupimia mwendo wa fimbo na mpira, kama za kampuni ya TrackMan ya Denmark, ikaonekana ni karibu kinyume chake: mpira huondoka zaidi kule uso unakotazama wakati wa kugusana, kwa kiasi cha asilimia 75 kwa fimbo za chuma na 85 kwa draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, kisha hupinda kutokana na tofauti kati ya uso na njia. Mimi nilibadilisha njia yake na uso nikauacha wazi, ukitazama kulia. Nilizipata habari hizi kwenye simu, usiku, nikiwa nimekaa barazani, na nilikaa pale muda mrefu.

Nilirudi kwa mama na binti, nikaomba radhi kwa wote wawili. Nikamwambia binti kosa lilikuwa langu, nikamweleza lilikuwa kosa gani, kwa sababu alistahili kujua. Akaja Jumamosi. Na nilimwambia aje na fyekeo.

Mchanga, nieleze, una mpaka wake. Unakuambia fimbo imetua wapi, na ukiangalia kovu unaona imeelekea wapi. Haukuambii uso ulikuwa unatazama wapi. Kwa hilo nilihitaji kitu kingine, na kila mtoto aliyesoma shule ya msingi nchi hii ameshika fyekeo. Ukilishika vizuri, bapa limekaa sawa na makali yametangulia, nyasi zinakatika kwa sauti ya *fyaa*. Likipinduka kidogo tu mkononi, nyasi zinalala, unapita juu yake, zinainuka tena nyuma yako zikiwa nzima. Mkono unajua bila kuangalia. Huo ujuzi wa mkono kujua bapa linatazama wapi ndio uso wa fimbo.

Tulikwenda pembeni ya kiwanja penye majani marefu. Nikamwomba afyeke kwa mkono wa kushoto peke yake, kutoka kulia kwenda kushoto, mgongo wa mkono ukitangulia. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaoongoza, na mgongo wake, kwa kadiri kubwa, ndio uso wa fimbo. Dakika mbili za kwanza nyasi zililala. Kisha, bila mimi kusema kitu, akalishika upya. Akauzungusha mkono juu ya mpini kuelekea kulia kwake, mpaka akitazama chini anaona vifundo vitatu vya vidole. Nyasi zikaanza kukatika.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Nimelishika vizuri."

"Shika fimbo hivyo hivyo."

Kwa miezi yote ile alikuwa akishika fimbo akionekana kifundo kimoja tu. Mimi nilikuwa nimekiona. Nilikiona na nikakipita kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye njia. Mpira wa tatu ulikwenda moja kwa moja, ukapinda kushoto kidogo sana mwishoni, akageuka akanitazama na mimi sikuweza kusema kitu. Siku hizi kuna wakati unapinda kushoto kupita kiasi, hasa akiwa na haraka, basi anakwenda kufyeka kidogo anarudi. Nilimwonyesha kwenye simu picha za Madina Iddi, ambaye ameichezea Tanzania, nikamwambia aangalie mikono tu. Aliangalia kila kitu.

Vifaa vingine tulivyo navyo ni vya nyumbani. Kanga moja, ikunjwe nyembamba, ipite kifuani chini ya makwapa yote mawili: ikidondoka kabla hujamaliza mzungusho mfupi, mikono imekwenda safari yake bila kifua. Kwa kusukuma mpira taratibu tunatumia kifuu cha nazi, tunakizika mdomo ukiwa sawa na ardhi. Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108, na kifuu cha nazi kubwa hakiko mbali na hapo, mara nyingi ni kidogo kidogo. Mtoto aliyezoea kifuu, siku akifika kwenye shimo halisi ataliona pana. Fimbo ninazo tisa. Kanuni zinaruhusu mchezaji mmoja kubeba hadi 14, sisi tunagawana hizo tisa watu sita, na sioni kama tunapungukiwa na kitu kikubwa. Tunapungukiwa mipira.

Na upepo. Kusi ikivuma Julai, mchana hapa huwezi kupiga mpira wa juu ukadhani utafika. Kijana hupandwa na hasira, anapiga kwa nguvu zaidi, na akipiga kwa nguvu mpira unazunguka kinyumenyume zaidi, unapanda, upepo unaushika unaurudisha. Nawaambia wachukue namba tano, ambayo uso wake haukulala sana kama wa saba, washuke kidogo kwenye mpini, wapige polepole. Wavulana hawanielewi kabisa mpaka wamepoteza mipira mitatu. Mwalimu alinielewa mara moja, akasema ni kama kupandisha tanga dogo.

Huwa nafumba macho wakati mwingine na kuwasikiliza tu. Fimbo ikitangulia ardhini sauti ni *puu*, nzito, ya huzuni kidogo. Ikigusa mpira kwanza ni *tak*, fupi, halafu ndipo ardhi inasikika. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa hivyo juu ya ngalawa iliyopinduliwa, nikasikia *tak*, nikadhani ni binti. Nikafumbua macho. Alikuwa Mwalimu, amesimama juu ya mguu wake wa kushoto, fimbo imemalizikia begani, na binti amechuchumaa pembeni yake anapima kovu la mchanga kwa vidole.

"Vinne," binti akasema. "Vinne kamili, babu."

"Kagua tena," Mwalimu akamwambia.

Mwezi mpevu unakuja wiki ijayo, kwa hiyo Jumamosi maji yatapwa vizuri mnamo saa nne. Atakayekuja aje na fyekeo lake. Fimbo nitakuja nazo.